Dada Umeme wa Chumba Namba Tisa Anapumzika

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mtaalamu wetu wa tibaviungo wa Chumba Namba Tisa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu. Amechoka, na hafichi. Magoti yanamuuma, miwani anaitafuta ikiwa usoni, na barua zake tatu za kuomba mrithi zimejibiwa kwa sentensi moja: suala linashughulikiwa. Hadi jana hakuna aliyejua kama Jumatatu wagonjwa wake watakuta mtu au watakuta kufuli.

Alianzia wodi ya mifupa. Alihamia Namba Tisa mwaka ilipoletwa mashine ya kusisimua misuli kwa umeme, kwa ajili ya wanawake ambao misuli ya kibofu imelegea, wengi wao baada ya kuzaa. Wakubwa walimkabidhi kijitabu cha maelekezo wakamtakia kila la heri. Kazi yenyewe inataka moyo: dakika ishirini kila mgonjwa, mara mbili kwa wiki, wiki nane hadi kumi na mbili, huku akipandisha umeme kidogo kidogo na kurudia, "Bana, shikilia, achia." Tuliokuwa tukipita koridoni tulijikuta tunabana pamoja nao.

Kwa kuwa kila mgonjwa mpya aliogopa kupigwa shoti, alikuwa anajibandika kwanza mwenyewe vibandiko vya mashine mkononi, anaacha vidole vichezecheze, ndipo anamgeukia mgonjwa. Ndiyo maana wakamwita Dada Umeme, hata waliomzidi umri.

Ni yeye pia aliyetaka mlangoni paandikwe "Mazoezi ya Mgongo", ili mtu asione haya kukaa kwenye benchi. Mbinu ilifaulu kupita kiasi. Dereva wetu mmoja, mgongo umemkamata, alipanga foleni asubuhi nzima kati ya akina mama waliomtazama kwa huruma, hadi alipofika kitandani na kuelezwa umeme unapelekwa wapi. Mgongo ulipona papo hapo, na upande ule wa jengo hakuonekana mwezi mzima.

Mafanikio yake hayako kwenye vyeti. Kuna mwalimu ambaye sasa anapiga chafya mbele ya darasa bila kukimbilia mlango. Kuna bibi aliyepanda basi kwenda kumwona mjukuu bila kushinda na kiu tangu siku iliyotangulia. Wengine hawakupona sawasawa, na hao ndio anaowakumbuka zaidi.

Aliwafundisha warithi wawili. Wote walihama, wamechoshwa na utani wa kantini kuhusu "idara ya mikojo". Wa tatu ni mimi ninayeandika haya, na mimi pia nilikwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho, maana nami nimechoka. Jana nilipomweleza, hakunilaumu. Aliketi kitandani, akavua viatu, akasema basi mashine ifunikwe vizuri isiingie vumbi.

Barua nimeichana. Na wenzangu wa kantini, jueni hivi: baada ya mtoto wangu wa pili, nililala kwenye kitanda kile wiki kumi, na dada huyu hajamwambia mtu miaka sita sasa. Utani wenu niliucheka pamoja nanyi, na ninaona aibu kwa kicheko kile tu.

Asante, dada. Nenda ukalale hadi jua lipande, na maisha yakutendee wema uliowatendea wengine. Orodha ya Jumatatu ina wanawake kumi na mmoja. Saa mbili kamili nitafungua mimi.