Profesa Aliyekataa Kumsifu Binti Yake

Profesa wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Mama yake alisimulia kuwa hata maziwa alinyonya huku amekunja uso, kama mtu anayepima.

Alianza shule mwaka 1958. Alipofika darasa la sita, aliiponda kwaya ya shule mbele ya mwalimu wa muziki. Mwalimu akamwambia, "Basi panda wewe jukwaani." Akapanda, maneno yakampotea, wenzake wakacheka mpaka basi. Tangu hapo hakumdharau mtu aliyesimama jukwaani, ingawa kumkosoa hakuacha ng'o.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1975, akafundisha historia ya sanaa hapo hapo chuoni hadi kustaafu mwaka 2016. Kila Jumapili gazeti lilitoa uhakiki wake. Wasanii walimwita Mzee Tuone, maana ukimsifia kazi yoyote, alijibu hivyo tu.

Mwaka 1979 alimuoa muuguzi aliyesinzia katika kila mchezo wa kuigiza. "Mke wangu akibaki macho," alitamba, "mjue mchezo una kitu." Wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Binti akawa mchoraji, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila alipofanya maonyesho, Baba alikwenda, akatazama, akarudi zake. Gazetini hakuandika, nyumbani hakutamka. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," alijitetea. Binti aliamini baba yake anamwonea haya, na jambo hilo lilimuuma sana. Mwishowe akaacha kumwalika, hata salamu zikawa za kupitia kwa mama.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mei 2024, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliomba apelekwe kwenye maonyesho ya binti, mwaliko hana. Kiti kikasimamishwa mbele ya picha ya mkewe aliyevaa sare ya kazi.

"Uso umeupata," alimwambia binti. "Mikono umeiogopa. Imegeuza wagonjwa maisha yake yote, wewe unaichora kama ya bibi harusi?"

Binti alitoka nje akilia. Mama akamjia juu mumewe: "Miaka yote umenyamaza, leo ndiyo unasema hili?"

"Wengine wote nimewaambia ukweli, mama watoto. Yeye nimnyime kwa nini?"

Binti alikasirika wiki nzima, kisha akaichora upya ile mikono. Jumanne, tarehe 4 Juni, aliipeleka picha hospitalini, alikokuwa amelazwa baba yake. Baba aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Mwanangu," alisema, "hii ningetembea kwa miguu kuja kuiona."

Wakashikana, wakalia wote wawili. Alifariki alfajiri ya tarehe 6, mkewe akiwa kando yake, macho kabisa.

Ameacha mjane, binti mchoraji, mwana fundi umeme, wajukuu wanne, dada mmoja, na wanafunzi tele ambao baadhi yao bado wananung'unikia alama alizowapa. Alichelewa kusema, lakini alisema, na binti yake amesikia. Alale salama, kwa amani.