Kidole Kilichogonga Matofali ya Linqing

Kitu cha kwanza ambacho mjukuu wake Wanying anakikumbuka kwa marehemu Mzee Chai Yunpu ni kifundo cha kidole chake cha kati, kilichoota sugu kwa kugonga. Aligonga matikiti, mabakuli, hata vichwa vya wajukuu, kisha akatega sikio.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 katika kijiji cha wachomaji matofali nje ya mji wa Linqing, Shandong. Alihitimu ualimu Liaocheng mwaka 1961, akafundisha historia mjini kwetu miaka arobaini. Kila mwaka alianza somo hivi: "Kasri la wafalme kule Beijing lilitoka matumboni mwa matanuri yenu. Mashua zilizopanda mfereji upitao hapa mjini kwenda kaskazini zilibeba matofali yetu, na kila tofali lilipigwa muhuri wa jina la mchomaji, ili likipasuka ajulikane wa kulaumiwa."

Februari 1966 alimwoa Bi. Geng Suyun. Siku ya posa alikutwa akigonga ukuta wa zizi la nguruwe, maana ulijengwa kwa matofali ya kale. Baba mkwe akamuuliza, "Kijana, umekuja kuposa binti yangu au nguruwe?"

"Binti, baba. Ila tofali hili nalo lina jina."

"Basi mchukue binti. Tofali ukiling'oa, nguruwe nao watakufuata."

Alipostaafu alitamani jambo moja tu: kuchoma tena matofali yanayolia kama kengele yakigongwa, ya kuziba ufa wa ghala la kale kando ya mfereji. Mara tatu alichoma, mara tatu yakatoka bubu. Septemba iliyopita, mapafu yakiwa yamemchosha, alitaka matofali yapigwe muhuri wa jina lake, kisha akajaza tanuri la nne.

"Mzee," mkewe akamwambia, "yakipasuka tumlaumu maiti?"

"Ndiyo faida yake. Hamtapata wa kubishana naye."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023, baada ya kunywa uji wa mtama na kuulizia maji ya kupoza tanuri. Ameacha mjane, mwana Liqun, binti Huifen na wajukuu watatu.

Tanuri litafunguliwa Jumamosi, tarehe 21 Oktoba. Tofali la kwanza ataligonga Bi. Suyun. Mzee wetu na apumzike kwa utulivu. Majirani wanaombwa siku hiyo wafunge mbwa wao, ili tusikie.