Siku Mama Alipozuiwa Mpakani

Amahoro, ndugu zangu. Nimeombwa nisimame mbele ya kikundi chetu, na mimi si mtu wa kusimama. Wanaonijua hapa Muyinga wanajua mdomo wangu unafanya kazi vizuri zaidi nikiwa nimekaa, tena mbele ya mtu anayebishana. Mnivumilie. Sitamtaja mtu kwa jina, aliye hai wala aliyekufa, maana wengine wamo humu ndani na wengine nitakutana nao sokoni kesho. Na mkiniona nimenyamaza katikati, msinipigie makofi ya kunitia moyo. Niacheni ninyamaze, nitaendelea.

Wengi mnanijua kwa kazi yangu. Mtu akiwa na mzigo unaovuka mpaka, mimi ndiye ninayemwandalia karatasi na kusimama naye mbele ya maofisa wa forodha mpaka mzigo upite. Mnachokiona ni mwanamke mwenye mkoba anayepanda gari asubuhi kwenda Butihinda, mpakani. Hamjui kwa nini niliisomea kazi hii, wala kwa nini nusura niiache kabisa. Ndicho nilichosimama kusema.

Mpaka huu wetu na Tanzania nilivuka mara ya kwanza nikiwa mgongoni mwa mama. Ilikuwa vita. Baba alikuwa ameuawa kwetu Makebuko, na mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Tulipita kwenye vijia vya Giteranyi, tukijificha mchana na kutembea giza likiingia. Mimi sikumbuki kitu, nakumbuka nilivyosimuliwa. Mdogo wangu alizaliwa kambini, Tanzania, na hapohapo kambini malaria ikamchukua kabla hajaanza shule. Mama alimzika ukingoni mwa kambi, na tangu siku hiyo, kila akitoka kutafuta kuni, alipita kwanza kulifagia lile kaburi.

Amani ilipopatikana, malori ya kurudisha watu yalikuja. Mnayakumbuka, wengi wenu mliyapanda. Kila mtu alipanda na godoro lake, sufuria zake, wengine na kuku. Mama alinifungia mzigo wangu vizuri, akanisukuma juu, yeye akabaki chini.

"Nenda kashike shamba la baba yako," akaniambia. "Mimi siwezi kumwacha huyu mtoto peke yake."

Nikamwambia, mama, amekufa.

"Ndiyo maana. Angekuwa hai angetufuata."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sikuwa mzazi, nilikuwa na hasira tu. Nililia kutoka kambini mpaka Butihinda, na mwenzangu pale kwenye lori alidhani nalia kwa furaha ya kurudi.

Makebuko alinipokea baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye hakuwahi kukimbia. Alinipa sehemu ya shamba bila ugomvi, nasema ukweli wa Mungu. Nikawa nalima, nauza ndizi na maharage sokoni. Ndipo nikasikia kwamba Gitega kuna mahali wanafundisha kazi ya kuvusha mizigo, transit na forodha. Nikampigia mama simu. Akauliza, "Huko wanafundisha kuvusha vitu mpakani, kwa ruhusa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi soma. Ukishajua, uje univushe mimi na mwanangu. Mimi nilitoka huko kwa kujificha kama mwizi. Nitarudi kwa barabara, mchana, watu wakiniona."

Hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu ya shule, ndugu zangu. Wengine darasani walitaka ofisi, walitaka gari. Mimi nilitaka kumvusha mama na mifupa ya mdogo wangu.

Kusoma kwenyewe kulinitoa jasho. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, na mimi shule yangu yote ilikuwa ya kambini. Wenzangu wakaniita Mtanzania. Mwalimu akisema kitu wote wanacheka, na mimi nacheka, halafu namuuliza jirani tumecheka nini. Lakini tulikuwa na mwalimu mmoja wa mazoezi, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliyekuwa amesindikiza malori miaka mingi, na huyo akiona nimepotea alirudia kwa Kiswahili. Ndiye aliyetufundisha habari ya lakiri, kile kifungo wanachokifunga kwenye mzigo kikiwa na namba, ambacho wao wanakiita scellé. Alikuwa anapiga meza. "Scellé ikishakatwa njiani, mzigo ile haina tena mwenye kuiaminia. Hata kama iko chumvi, hata kama iko ya mama yako." Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Nilimweleza habari ya mdogo wangu. Akaniambia kufukua kaburi kunataka ruhusa nyingi, ya huku na ya kule, lakini tuanze. Tukaanza. Majibu yalikuwa yanakuja polepole, na mama alikuwa anauliza kila nikipiga simu. Halafu siku moja simu ikaja kutoka kwa bibi mmoja, jirani yetu wa kambini, rafiki wa mama wa miaka yote ya ukimbizi. Akasema, "Mwanangu, mama yako amechoka kusubiri. Amepumzika."

Hapa ndipo huwa nanyamaza.

Nilikwenda na baba mdogo. Machozi niliyaweka kando, nikafanya nilichofundishwa. Nilipata cheti cha kifo hospitali, nikapata kibali cha afisa wa afya, jeneza likafungwa mbele yangu na kutiwa lakiri. Nilikuwa najisemea, mama, umeona, mwanao anajua kazi. Tukapitisha jeneza kambini ili watu wasali, maana walikuwa wamezeeka pamoja. Mimi nikaenda kufuata muhuri wa mwisho. Niliporudi, tukapakia, yule bibi akapanda nasi ili amsindikize rafiki yake hadi mpakani, tukaondoka.

Mpakani, ofisa wa upande wetu alizunguka jeneza polepole, kwa heshima, kofia mkononi. Akainama. Akaniuliza, "Madame, scellé hii nani aliikata?"

Nilitazama. Ilikuwa imekatwa.

Sikuelewa chochote mpaka yule bibi aliponivuta nguo. "Ni mimi, mwanangu. Mama yako alinishika mkono akasema, usiniache niende bila mtoto. Nikachota udongo wa kaburi lake, nikaufunga kwenye kitambaa, nikamwekea kifuani. Ningefanyaje?"

Niambieni ninyi. Angefanyaje? Nilimkumbatia nikalia, na sauti ya kulia hivyo sikuijua kama ninayo.

Ofisa alisema kwa upole lile ambalo na mimi ningelisema darasani: jeneza lirudi kwa afisa wa afya, likaguliwe, lifungwe upya. Na ule udongo je? Udongo hauvuki mpaka hivihivi, kwa sababu ya magonjwa ya mimea. Hilo pia nilikuwa nimelisoma.

Baba mdogo alinipeleka pembeni. Hasira na majonzi vilikuwa vimemjaa usoni. "We, sikiliza. Twende Giteranyi. Kule njia iko, watu wote wanapita. Vijana watabeba, huku tutapata gari ingine. Kaburi imeshachimbwa Makebuko, watu iko wanangoja. Unataka kaburi ilale wazi?"

Ndugu zangu, huko kwetu kaburi kulala wazi si jambo dogo. Wazee wanasema linatafuta mtu mwingine. Hata mimi niliogopa. Lakini nilikuwa naisikia sauti ya mama: kwa barabara, mchana. Nikamwambia baba mdogo, mama hapiti tena porini.

Akaniangalia. "Kumbe ulisoma ili umfungie mama yako mlango."

Nikampigia mwalimu wangu Gitega, sikuweza hata kusalimia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Dada, usigombane na ule ofisa, iko anafanya kazi yake. Rudi. Sema yote, na udongo useme. Mama yako asipite na kitu ya kuficha."

Tukarudi. Afisa wa afya alinisikiliza, akamwita mwenzake wa kilimo. Huyo alikuwa kijana, suti yake imepigwa pasi vizuri, nikajua ndiye atakayenikatalia. Akamuuliza bibi, "Udongo huu unaenda kulimwa?"

Bibi akajibu, "Unaenda kuzikwa."

Kijana akavuta karatasi. Kisha akaandika kwamba udongo umo ndani, na kwamba jeneza lisifunguliwe tena mpaka kaburini. Wakafunga lakiri mpya. Giza lilikuwa limeshaingia na mpaka umefungwa, kwa hiyo mama alilala chumba cha maiti cha hospitali, na sisi tukakaa nje ukutani.

Kesho yake alivuka. Jua lilikuwa limepanda, na wauza ndizi wa mpakani walisimama wote, wanaume wakavua kofia. Mama alirudi Burundi kwa barabara, watu wakimwona. Nililitimiza hilo, na nililitimiza nikiwa na nusu tu ya nilichoahidi.

Makebuko tulikuta wamelaza mgomba ndani ya kaburi ili lisilale tupu. Wazee hawakunisalimia. Tulizika. Na siku za matanga, watu wakiwa wamekaa, baba mdogo alisema mbele ya wote kwamba kaburi la mke wa kaka yake lililala wazi kwa sababu ya karatasi zangu. Mimi sikumjibu, na mnavyonijua, mjue jinsi nilivyokuwa nimevunjika.

Sikurudi Gitega. Mwalimu alipiga simu, sikupokea. Nikiona muhuri kwenye karatasi yoyote, hata ya kanisani, namwona mama amesimamishwa pale kwenye jua. Madaftari yangu ya masomo niliwashia moto wa maharage, moja moja, na sikujali. Shamba likaota magugu. Watu walipita wakisema wihangane, pole, jipe moyo, nikawa naitikia kutoka ndani bila kufungua mlango. Nilikuwa sitaki kufa, lakini kuishi pia nilikuwa siwezi kueleza ni kwa ajili ya nini. Nasema hili waziwazi kwa sababu najua humu mna mtu yuko hapo leo.

Halafu akaja mwanamume mmoja kutoka Butihinda. Mtu aliyerudi kutoka ukimbizini kama sisi. Mke wake alikuwa amefia hospitali ng'ambo ya mpaka. Ndugu zake walijaribu kumpitisha kwenye vijia, wakakamatwa, na maiti ikarudishwa kule. Mpakani mtu akamwambia kuna mwanamke wa Makebuko anayejua. Akaja njia yote ile kuniulizia.

Nikamwambia, umepotea, mimi si wakala, niliacha kabla sijamaliza.

Akasema, "Mimi sitafuti wakala, dada. Natafuta mtu aliyewahi kusimama pale na maiti wake."

"Sikusimama," nikamwambia. "Nilikaa chini nikalia."

Akakaa kwenye kizingiti changu. Akasema, "Basi twende ukanionyeshe pa kukaa."

Tulitazamana, na sisi wawili, wafiwa, tukacheka. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheka. Nikaoga, nikavaa, nikaenda naye. Nilimuuliza maswali yote kabla jeneza halijafungwa: nani anataka kumuaga, nani ana kitu cha kumwekea. Binti yake alitaka kuweka kitambaa cha kichwa cha mama yake. Tukakiweka, tukakitaja, ndipo lakiri ikafungwa. Mpakani tulipita mchana uleule. Yule baba alinishika mkono.

Wakati wa kurudi nilishuka Gitega. Niliingia darasani nguo zikiwa na vumbi. Mwalimu hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Kaa, dada. Mwenzako atakupa daftari unakili." Nikanakili. Nikamaliza na wale waliokuwa nyuma yangu, nikahamia hapa Muyinga, karibu na mpaka.

Sasa shukrani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Namshukuru mwalimu wangu. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, mlionikaribisha Muyinga nikiwa sina mtu. Namshukuru yule baba wa Butihinda, ambaye amekaa pale nyuma na anajifanya anatazama dirishani. Na yule bibi aliyekata lakiri, ambaye sasa naye ametangulia: mimi, wakala wa forodha, nasema mbele yenu kwamba ningekuwa yeye, ningeikata pia.

Na baba mdogo hatujapatana. Tunasalimiana. Lakini kila nikienda Makebuko nakuta kaburi la mama limepaliliwa, na mimi siulizi ni nani, naye hasemi. Mdogo wangu bado yuko kule. Ruhusa haikutoka, na kambi ile sasa imefungwa, sijui kama kuna anayefagia. Hilo sijalishinda, nimejifunza tu kufanya kazi nikiwa nalo.

Kwa hiyo funzo langu ni dogo. Mkiwa na mgonjwa ng'ambo, au Mungu apishe mbali mkafiwa, msikimbilie vijia, na msione haya kuja kwangu. Njooni kabla jeneza halijapigwa misumari. Mniambie wazi kila mnachotaka mtu wenu aende nacho, hata kama mnaona ni upuuzi, hata kama mnaona watu watawacheka. Mimi sitacheka. Nitakiandika, nitakipeleka mwenyewe mbele ya ofisa, na nikiulizwa ni cha nini, nitajibu.