Bibi Hapokei Wageni

Benchi lenyewe liko nje ya soko la Halifax, kaskazini mwa Uingereza, ubavuni mwa kibanda cha chai cha Rubina, mahali ambapo mvua ikinyesha inakulowesha mguu mmoja tu. Lina nafasi ya watu wanne. Asubuhi ile wazee watatu walikuwa wamebanana upande mmoja kama ndizi kwenye kichane, na ule upande wa pili, mahali pa Enid, pamebaki wazi. Hakuna aliyepakalia tangu Januari, walipomzika Cyril mumewe. Wala si kwamba walikaa kikao wakakubaliana. Watu wa Halifax mambo kama hayo hawayasemi kwa mdomo. Kila mmoja anajisogeza kidogo, basi. Aliyebanwa zaidi, pale katikati, ni Stanley Ogden, mtunza bustani mstaafu wa manispaa, ambaye kijiweni wanamwita Mwavuli kwa sababu hata jua liwake vipi, mwavuli wake haumwachi mkononi. Na ndiye aliyekuwa akipatazama pale pawazi kila baada ya funda la chai, kisha anajifanya anatazama njiwa.

Ubishi ulikuwa wa gemu, na Enid ndiye aliyewaambukiza ugonjwa huo. Mpwa wake alimletea diski ya gemu la upelelezi: London ya zama za Malkia Victoria, ukungu, taa za gesi, magari ya farasi, na tajiri mmoja wa pamba, Sir Ambrose Fell, amekutwa amekufa katika maktaba ya nyumba yake. Mchezaji ndiye mpelelezi. Enid alilicheza mpaka mwisho, akamjua muuaji, akafunga mdomo. Akawaambia chezeni wenyewe, atakayemkamata nitamwokea keki ya tangawizi. Halafu Cyril akafa, Enid akajifungia, na diski ikabaki inazunguka mikononi mwa hawa watatu, kila mtu na wiki yake, kwenye mashine za wajukuu. Sasa ni Aprili. Muuaji bado anadunda mitaani.

– Gemu bovu, alisema Norman Sugden. Nimelipatia nyota moja mtandaoni.

Huyo Norman ndiye Nyota Moja. Hajawahi kutoa ya pili. Daktari wa meno alipata moja. Harusi ya mdogo wake ilipata moja.

– Wewe hata bahari uliipa nyota moja, Stanley alimkumbusha.

– Ilikuwa na baridi na hakuna pa kukaa. Tusitoke kwenye mada. Huo ukungu wao unajua ni wa nini? Uvivu. Hawakutaka kuchora nyumba, wakamwaga ukungu. Na yule mpelelezi anavyotembea, utadhani anakwenda kulipa kodi.

– Wiki yako umemshtaki nani?

– Mtumishi mkuu. Yule mwenye glavu nyeupe. Nimempeleka mpaka mbele ya inspekta, nimeeleza vizuri kabisa, inspekta ananiambia: "Ushahidi hautoshi. Rudi kazini." Mimi. Nimestaafu zamani, naambiwa rudi kazini na katuni.

– Kosa lako ni moja, alisema mzee wa tatu. Umeshtaki binadamu.

Wote wawili wakamgeukia. Huyu ni Wilfred Dyson, wanamwita Kwato. Maisha yake yote aliendesha farasi wa kiwanda cha bia, na tangu farasi waondolewe hajaona jambo duniani lisilohusu farasi.

– Haya, Kwato, alisema Stanley. Tupe.

– Yule farasi mweusi mbele ya nyumba. Mmemtazama masikio? Ameyalaza nyuma. Farasi akilaza masikio nyuma ana jambo moyoni, usimpe kisogo.

– Marehemu kafia ndani, bwana. Maktaba.

– Dirisha lilikuwa wazi.

– Kwa hiyo farasi kapanda dirishani.

– Sikusema kapanda. Katia kichwa. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Haya, punda kafa? Hajafa. Mzigo umefika? Haujafika. Kafa nani? Tajiri. Piga hesabu mwenyewe.

– Huyo ni farasi, Wilfred, si punda.

– Ukoo mmoja.

Rubina, ndani ya kibanda, alikuwa akifuta meza na kujizuia kucheka. Amewasikia miezi yote hiyo na anazijua kesi zao kuliko wao wenyewe.

– Na farasi nilimshtaki kweli, aliendelea Wilfred. Nilibonyeza kila kitu. Gemu likakataa. Hawataki ijulikane.

– Mimi zamu yangu ijayo namkamata mtunza bustani wa ile nyumba, alisema Norman. Ushahidi ninao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sir Ambrose alikuwa na mgeni kutoka Manchester. Alikaa siku ngapi?

– Tatu.

– Basi siku ya tatu kapewa jembe. Na jembe ni la nani?

Hapo Stanley aliguswa pabaya. Aliweka kikombe chini.

– Norman, nisikilize. Mtunza bustani hana nafasi ya kuua mtu mwezi wa Machi. Ana waridi za kupogoa, ana nyasi, ana konokono. Akitaka kuua mtu atasubiri Desemba.

– Unamtetea mwenzako.

– Namtetea kila mtu mwenye kazi zake.

– Haya, wewe unasema nani? Kila siku unapinga tu.

Stanley alizungusha mwavuli wake chini, ncha ikachora duara kwenye maji.

– Mimi naona Sir Ambrose hakufa.

– Ana kisu mgongoni, Stanley.

– Amejiweka. Amechoshwa na watu. Kila siku hodi, kila siku mgeni, pole hii, habari ile. Mtu akitaka kukaa kimya nyumbani mwake afanyeje? Analala pale kwenye zulia, anangoja watu waondoke.

Alikuwa ameanza kwa mzaha, lakini alipofika mwisho mzaha ulikuwa umekwisha. Macho yakaenda pale pawazi, yote, jozi tatu. Norman akakohoa. Wilfred akavunja biskuti vipande viwili na asile hata kimoja.

– Nadharia ya kijinga, alisema Norman baadaye, kwa upole. Nyota moja. Muuaji ni kampuni iliyotengeneza gemu. Jiulize nani kafaidika. Bila maiti hakuna gemu, bila gemu hakuna mauzo. Muuaji amekaa ofisini anakunywa kahawa, na sisi tunasaka farasi.

– Nani anasaka farasi? Farasi yuko pale mlangoni, hajakimbia hata.

– Wazee wangu, Rubina akadakia, hiyo kesi mtazikwa nayo. Si mumuulize Enid?

Mvua ikasikika juu ya bati.

– Nilikwenda, alisema Norman. Jumapili.

– Akasemaje?

– Nilibisha hodi, akajibu kutoka ndani: "Siyo leo, Norman, ahsante." Nikaomba samahani kwa usumbufu, nikashuka ngazi.

– Hata mimi, alisema Wilfred. "Siyo leo, Wilfred, ahsante." Nikaacha karoti kizingitini.

– Karoti?

– Karoti nzuri.

Stanley akajifanya anatazama njiwa. Yeye alikuwa akienda kila Alhamisi. Anakata maua ya njano yaliyochipua uwanjani kwake, anayafunga uzi, anapanda kile kilima mpaka nyumba ya mwisho, anabisha. "Siyo leo, Stanley, ahsante." Anaomba samahani, anaacha maua, anateremka. Na kila Alhamisi ile sauti aliiona imepungua. Aliogopa, ndio ukweli. Aliogopa kwamba Alhamisi moja atabisha na asijibiwe, naye ataomba samahani vilevile na kuondoka. Usiku wa kuamkia leo hofu hiyo ilimnyima usingizi. Leo yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Ndipo akaja mama mmoja, mnene, mgeni kabisa, na kijibwa chake kimevishwa koti jekundu. Alikuwa anangoja basi la Huddersfield. Akatazama benchi, akaona nafasi, akaketi. Pale pale pa Enid.

Wazee walikauka. Norman alikohoa mara nyingine, kikohozi ambacho kwa watu wa kule ni sawa na kumshika mtu kola, lakini mama hakukisikia. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ingekuwa utovu wa adabu.

– Endeleeni tu, vipenzi, alisema. Nimewakatiza. Nani kaua nani?

Wakamweleza, kwa shingo upande mwanzoni, kisha kwa kupokonyana maneno. Maktaba, kisu, glavu, jembe, masikio ya farasi, na kesi imelala tangu Januari. Mama alisikiliza yote huku akimkuna mbwa wake.

– Na mke anasemaje?

– Mke wa nani?

– Wa marehemu. Hakuwa na mke?

– Anaye, alisema Norman. Bibi Fell. Yuko juu, chumbani kwake.

– Ndiyo. Sasa anasemaje?

– Hapokei wageni.

– Nani kasema?

– Mtumishi mkuu. Ukifika kwenye ngazi anakwambia: "Bibi hapokei wageni."

– Mkafanyaje?

– Nikashuka, alisema Norman.

– Nikashuka, alisema Wilfred. Nikatoka nje kumwona farasi.

– Nilimwomba radhi yule mtumishi, alisema Stanley. Kuna kitufe cha kuomba radhi.

Mama akawatazama mmoja mmoja, kwa huruma kidogo.

– Tangu Januari?

– Mama, kafiwa yule, Norman akajitetea. Mtu akiwa kwenye msiba huwezi kumwingilia tu.

– Sikatai, kipenzi. Nauliza tu. Ule mlango ulifungwa kwa ufunguo?

Norman alifungua kinywa, akakifumba. Wilfred alitazama buti zake.

– Maana yake, hamkujaribu kitasa?

Basi la Huddersfield likaingia kituoni likimwaga maji. Mama akambeba mbwa kwapani, akawaaga, akaenda zake, na hata leo hajui alichokifanya.

– Miezi yote hii, alisema Norman polepole. Tumeshtaki mpaka farasi. Na mimi nimewaandikia nyota moja.

– Chai imeisha, wazee wangu, alisema Rubina. Naosha birika.

Lakini Stanley alikuwa ameshasimama. Alikwenda dirishani kwa Rubina, akaonyesha kilimani kwa kidole. Rubina alimtazama usoni, akalikamua lile birika mpaka tone la mwisho, akajaza kikombe kimoja cha karatasi, akatia vijiko viwili vya sukari anavyotumia Enid, akakifunika.

– Nenda, alisema. Kitapoa.

Stanley alipanda kilima kwenye mvua, kikombe amekikumbatia kifuani. Hakuwa na maua. Ukuta wa mwisho, geti, ngazi tatu za mawe. Akabisha.

– Siyo leo, Stanley, ahsante.

Ulimi ulikuwa tayari na samahani yake, umeshaitanguliza kwenye meno. Akaimeza. Miguu nayo ilitaka kugeuka yenyewe, kwa mazoea, akaikemea. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, mtu mzima anaingia kwa mwanamke aliyemkatalia. Akashika kitasa, akakinyonga.

Mlango haukuwa umefungwa.

Enid alikuwa kwenye kiti cha Cyril, sweta la Cyril limemfunika mpaka magoti. Amekonda. Dirishani, kwenye chupa za jamu, yamepangwa maua ya njano ya kila Alhamisi, mapya kwa yaliyokauka, hata moja halikutupwa. Na kati yake, kwenye chupa ya maji, zimesimamishwa karoti za Wilfred, zimeota majani.

Alimtazama Stanley anavyochuruzika maji kwenye zulia.

– Umesahau mwavuli, alisema.

– Nimesahau.

– Kila mara nasema siyo leo. Sauti yake ilikwaruza, imekaa sana bila kazi. Na kila mara mnaniamini.

Stanley alimpa chai. Enid aliishika kwa mikono miwili, akaifunua, akainusa, akajua ni ya nani.

– Pangusa miguu, alisema. Kisha niambie mmemkamata nani.

– Hatujamkamata mtu. Wilfred ameshtaki farasi.

Enid aliweka kikombe chini haraka kisije kikamwagika. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, farasi, alisema, Mungu wangu, farasi, na katikati ya kicheko kile kilio kikampata, cha Januari yote na Februari na Machi, akajifunika uso kwa mkono wa sweta la Cyril.

Stanley alipangusa miguu, akavuta kiti, akaketi. Hakuomba samahani.