Mzee Makokha na Bomba Tuliloliita la Moto

Alhamisi, tarehe 26 Juni 2025, Mzee Japheth Makokha anastaafu baada ya miaka kumi na sita ya kutunza mabomba ya chini ya ardhi yanayopeleka ubaridi kwenye majengo ya Doha. Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa fundi wa vali. Anaondoka akiwa fundi wa vali. Niliomba kuandika wasifu huu kwa sababu chanzo cha hilo ni mimi.

Kwa wasiowahi kushuka shimoni: kila jengo lina mabomba mawili. Moja hupeleka maji baridi, la pili huyarudisha mtamboni yakiwa yamepungua ubaridi. Sisi Wakenya vali ya hilo la pili tuliiita "ya moto", ingawa ukiigusa mwezi wa Agosti utatamani kuikumbatia kwa ubaridi wake. Mzee alishuka na sweta lililofumwa na mkewe, na chumbani kwake Al Wakrah hakuwasha eisii, yaani kiyoyozi. Alisema baridi ameishika mchana kutwa, ya nini aifuate hadi kitandani.

Agosti 2015 nilikuwa na wiki tatu kazini, bado niko kwenye majaribio. Tulikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye chemba, yaani shimo lenye vali nne: mbili za jengo lililokuwa likitengenezwa, mbili za jengo jirani. Mzee, akiwa juu, aliniambia nifunge ya moto. Nikazipapasa zote, zote baridi. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo niliona haya. Nikafunga ile iliyokuwa na baridi kidogo kuliko nyingine, kumbe ni ya jirani. Ghorofa kumi na moja zilikaa saa sita kwenye joto lile, na bibi mmoja mgonjwa akatolewa kwa machela. Hatukuambiwa kama alipona.

Siku ya uchunguzi nilitaka kusema. Mzee akanivuta kando mlangoni: "Nyamaza, Levis. Wewe watakupandisha ndege kesho. Mimi ni makelele tu nitapigiwa." Akaingia, akaandika kwamba vali aliifunga yeye.

Hayakuwa makelele tu. Onyo liliingia kwenye faili lake, na mara tatu alipopendekezwa kuwa fomani, faili hilo lilimkwamisha. Mara ya tatu nafasi nilipewa mimi. Miaka minne sasa namwamuru mwalimu wangu, naye huitika "sawa, bosi" bila kejeli. Afadhali angenitukana.

Tangu ajali ile alipiga marufuku neno "moto" chembani. Ni ya kwenda na ya kurudi, basi, na kila mgeni hurudia mara tatu kabla ya kushuka. Leo hata wenzetu Wanepali husema "kurudi", na kosa kama langu halijatokea tena.

Jumapili nilipeleka ofisini barua inayoeleza nilichokifanya, nikaomba onyo lile lifutwe kabla hajakabidhiwa cheti cha utumishi. Sijajibiwa. Huenda jarida hili likitoka sitakuwa fomani tena, na sitalalamika. Mzee hajui lolote, maana angenizuia.

Mzee wetu, sote wa chini ya ardhi tunakushukuru, na tunakuombea mapumziko mema na afya njema huko nyumbani Mumias, wewe na mkeo, Mama Roselyne. Vali niliifunga mimi. Nilipaswa kusema mapema, ungali na miaka ya kupandishwa cheo.

Levis Kiprop, Fomani