Wino wa Mashuka

Fundi saa alikuwa amefumba macho kwenye treni ya asubuhi, lakini masikio hayana pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, mama dobi wa hoteli alikuwa amemgeukia jirani yake, mwalimu mstaafu, akiwa na barua ya sifa mkononi, ya Kiingereza, aliyoandikiwa na hoteli.

“Mwalimu, samahani. ‘Devoid’ si tusi hilo?”

“Si tusi, mama. Ni kukosa kitu kabisa, hata chembe. Kama jangwa na maji.”

“Umeona! Miaka kumi na moja nawafulia, leo mimi jangwa?”

Fundi saa aliuma mdomo asicheke.

“Neno halina kosa,” mwalimu alisema. “Uliza umekosa nini. Mtu akikosa aibu ni balaa, akikosa hila ni sifa.”

“Wewe umelijua kwa kamusi, mimi kwa fimbo. Shuleni waliniandikia hilohilo kwenye ripoti, kwamba nimekosa adabu. Mama alinichapa wiki nzima. Siendi kuomba kazi nalo! Nimelifuta kwa kalamu ya kuwekea alama mashuka. Wino wake hautoki hata ukichemsha.”

Mwalimu akavaa miwani, akaitafsiri barua polepole: “‘Miaka yote mama huyu amekuwa’... hapa pamefutwa... ‘uvivu, kiburi na udokozi.’”

Fundi saa akafumbua macho, akasahau kwamba amelala.

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha mama. Aliinyakua barua yake, akaanza kupekua mkoba.

“Kalamu ninayo. Ngoja niyafute na hayo maneno matatu.”