Bi Raihana, Aliyewashinda Wakwe Bila Moto

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Malindi, Kilifi, Mariakani na kule Ganze kwenye kiu, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka Bi Raihana binti Abdulqadir, aliyetutoka juma lililopita. Msinililie mapema, maana kisa chake ni cha ushindi.

Bi Raihana alikuwa mpishi wa vitamu asiyekuwa na oveni. Narudia: hakuwa na oveni. Vitamu vyake vilikuwa vya matunda, na havikuona moto.

Mwaikumbuka harusi ya bintiye, Tasneem? Mume, Zayd, kwao ni Lamu. Na desturi mwaijua: siku ya harusi, nyumba ya mke humpelekea bwana harusi kombe, yaani masinia ya vyakula vya kumtukuza. Hapo ndipo wakwe huipima nyumba. Kombe likipungua, bibi harusi atasimangwa mpaka azeeke. Na mamake Zayd, Bi Mwanakheri, alikuwa ameshatamka: "Malindi wajua samaki. Kombe watuachie sisi."

Basi siku yenyewe, umeme ukakatika. Keki iliyoagizwa ikabaki uji bakulini kwa mwokaji. Pilau ipo, kuku yupo, kitamu hakuna. Tasneem aliniambia, "Nililia, na mikono imejaa hina mbichi, siwezi hata kujifuta."

Bi Raihana hakulia. Aliponda biskuti za chai, akazichanganya na samli, akazishindilia kwenye sinia. Akachukua maziwa mazito ya kopo, akatia tui la kwanza lisiloguswa na maji, akakamulia ndimu. Ndimu ndiyo iliyokuwa moto wake, wasikilizaji. Maziwa yakaanza kushikana yenyewe. Shangazi mmoja akaja na papai mkononi. "Liweke chini!" akafokewa. "Papai na maziwa ni uchungu!" Juu zikapangwa embe ngowe, zimeiva kweli.

Lakini friji nayo haina umeme. Akaifunga sinia kwa nailoni, akaizika kwenye kasha la barafu la Mwaringa, muuza samaki. Jirani akapiga ukemi: "Raihana, utawalisha wakwe shombo!"

"Shombo haipiti nailoni," akajibu. "Aibu ndiyo hupita."

Alasiri, kombe likatoka kwa vigelegele hadi nyumba ya mtaa wa pili walikofikia wakwe. Sinia ikafunuliwa mbele ya Bi Mwanakheri. Akainusa. Akainusa tena. Akaonja kijiko kimoja, kisha akaivuta sinia upande wake, bwana harusi anatazama! Zayd alalamika hadi leo: "Kombe langu mwenyewe, nikapata vijiko viwili."

Jioni ile Bi Mwanakheri alikuja mwenyewe kwa miguu kubisha hodi. "Raihana," akasema, "nifundishe." Nilikuwepo, na nilirudi kwangu kifua mbele kama niliyepika mimi. Baada ya hapo, chema chajiuza: Bi Raihana akaitwa harusi za Waislamu na za Wakristo, kutoka Kisumu Ndogo ya Malindi hadi Mariakani.

Juma lililopita, maiti yake ilipokuwa ikioshwa, mikono ya Tasneem ilikataa kumimina maji. Aliyeishika kata akamaliza kazi ni Bi Mwanakheri.

Wasikilizaji wapendwa, wangapi kati yetu tumezipima nyumba za wakwe zetu, tusipate kuzijua? Tulifikirie hilo leo.

Mola amrehemu Bi Raihana. Tasneem, pole kwa kufiwa na mama. Bi Mwanakheri, pole kwa kufiwa na dada.